Nguruwe Hageuzwi na Mtu Mmoja

Newark, New Jersey
16 Agosti 1976

Kaka Haywood,

Salamu kwako na kwa wifi Vashti. Sisi tumefika salama. Basi liliharibika Richmond, tukakaa juani saa tatu nzima, lakini tumefika. Clifton mgongo bado unamsumbua ila kazini anakwenda. Mwanetu Renita amepata nafasi ya kufundisha darasa la pili, anaanza mwezi ujao, na tayari ananisahihisha ninavyoongea. Mwambie wifi zile pichi za chupa zimefika nzima, hata moja haikupasuka.

Sasa salamu zimekwisha. Nimekasirika, Haywood, na nimengoja wiki nzima hasira ipungue ndipo niandike. Haikupungua.

Miaka sita sijafika nyumbani. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi usiku na mchana ili niwahi Jumapili ya Kurudi Nyumbani kanisani kwetu. Jumamosi saa nne asubuhi nikaja bandani kwa miguu kutoka kwa binamu Ludie, nikazunguka nyuma kama tulivyofanya siku zote. Unajua na mimi najua: tangu Baba ajenge lile banda la kuchomea nguruwe, hakuna mtoto wa Cephus Moye aliyewahi kuingia kwa mlango wa mbele. Wateja wanapita mbele. Sisi tunapita nyuma, katikati ya matanuri, tunakula tumesimama kando ya gogo la kukatia nyama, kwa vidole, nyama ya shavu kabla haijamwagiwa siki. Hata Mama alipokuwa haoni vizuri alishikwa mkono akapitishwa nyuma.

Nikakuta kufuli. Jipya, kubwa. Nikagonga. Nikasema, "Haywood, ni mimi." Mlikuwa mnaongea humo ndani, nikawasikia mkinyamaza. Nikagonga tena. Hakuna aliyekuja.

Kwa hiyo nikaenda mbele. Nikapanga foleni nyuma ya watu wa tumbaku na askari wawili vijana. Binti wa kaunta, simjui, akaniuliza, "Sahani au sandwichi, mama?" Nikamwambia, "Mimi ni Earlene Moye." Akasema, "Sawa mama Earlene, sahani au sandwichi?" Nikachukua sahani. Nikakaa chini ya feni, mimi niliyelisha makaa matanuri hayo nikiwa na miaka kumi, nikala kwa uma wa plastiki. Nyama ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na ilizidi kuniudhi.

Nikiwa nakula nikasikia sauti nyuma ya ukuta. Tayari? Tayari. Twende. Halafu kile kishindo cha wavu wa chuma, na mafuta yakichachatika. Mlikuwa mnamgeuza nguruwe wa kanisa. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja kichwani na mmoja mapajani. Bwana Otha uliyekuwa unageuza naye amekufa mwaka wa pili huu. Nani alikuwa upande wa kichwa?

Jumapili ulikaa na mashemasi, ukanipungia mkono kwa mbali kama unampungia mtu wa posta. Chakula kilipoandaliwa ukawa hupo. Wifi akasema mguu unakusumbua. Mguu huo ulikufikisha kanisani lakini haukukufikisha kwenye meza ya dada yako.

Nijibu mawili tu: kufuli lile la nini, na nani yumo bandani.

Dada yako,
Earlene


Hadley Fork, North Carolina
20 Septemba 1976

Dada Earlene,

Tupo. Mguu ni kisukari, daktari amesema nisisimame sana, nikamwuliza nitachomaje nguruwe nimekaa. Vashti anakusalimu, amefurahi kuhusu pichi. Mvua ilichelewa halafu ikaja yote siku mbili, wa chini huko mtoni wamepoteza mahindi. Mchungaji Koonce anastaafu, na watu wameshaanza kugombea kiti kabla hajakiacha. Mpongeze Renita. Mwambie shemeji Clifton alale sakafuni, mgongo utanyooka.

Barua yako ilifika siku nyingi. Sikujibu kwa sababu ni msimu wa mnada wa tumbaku na kila mtu anataka nguruwe.

Unasema umekasirika. Basi na mimi sikiliza. Binti wa kaunta alinifuata akaniambia, kuna mama kaja, amejitaja kwa jina la Moye, amekula na kulipa. Amelipa. Mtoto wa Cephus Moye amekaa mbele na wateja, akalipa, akafuta mdomo, akaondoka. Watu wote walikuona. Wazee wa foleni wanakujua toka una nywele za kusuka. Jioni hiyo hiyo Shemasi Artis akaniuliza, "Haywood, siku hizi dada zako wanakula kwa tiketi?" Nilikosa pa kuweka uso.

Kama mlango umefungwa, mtu anangoja. Anakwenda kwa Vashti nyumbani, hatua hamsini, anasema nifungulieni. Hafanyi maonyesho. Lakini wewe ulikuwa hivyo hivyo tangu mdogo, ukinyimwa kitu unahakikisha kijiji kizima kimejua.

Kufuli ni kwa ajili ya wezi. Kuna watu wanaiba kuni. Banda ni langu kulifunga na kulifungua, mimi ndiye niliyebaki nalo. Wewe ulipanda basi mwaka 1953 na hukuangalia nyuma. Watu waliobaki ndio wanaojua kazi inafanywaje na inafanywa na nani.

Jitunze na baridi inayokuja.

Haywood


Newark
2 Oktoba 1976

Kaka Haywood,

Nimepata barua. Pole na mguu, na nasema pole ya kweli. Mwambie wifi akuangalie vidole vya miguu kila siku, hapa hospitali ninapofua mashuka nawaona waliopuuza. Clifton amelala sakafuni siku nne na sasa hawezi kuinuka, ahsante kwa ushauri wako. Renita yuko vizuri, mtoto mmoja alimng'ata siku ya kwanza.

Wezi wa kuni. Umeona mtu mzima mwenzako ukamwandikia hivyo. Haywood, usijitie hamnazo na mimi. Nilikuuliza maswali mawili, ukanijibu moja kwa uongo na lingine ukaliruka.

Nilipokuandikia mara ya kwanza kuna kitu nilikificha, maana nilidhani nitaonekana nimechanganyikiwa. Ile sauti iliyosema "Twende" nyuma ya ukuta ilikuwa ya Baba. Siyo inafanana. Ya Baba. Baba ana miaka kumi na sita kaburini, na mimi nimekaa na uma wa plastiki mkononi namsikia anageuza nguruwe. Nilisukuma sahani pembeni. Yule binti akaniuliza kama pilipili imezidi.

Nikampigia simu Ludie. Alizungukazunguka weee, mwisho akasema. Ni Lonzo Suggs. Mtoto wa Etta, yule wa ng'ambo ya kijito. Mtoto wa nje wa Baba, ambaye Mama alisema akiwa mzima na akarudia akiwa kwenye kitanda cha kufia kwamba hatakanyaga bandani kwake. Bandani kwake, Haywood, maana siki ile ni mkono wa Mama, na kabichi ile ya pembeni ya sahani ni mkono wa Mama, na aliyeamka miaka thelathini kuosha lile gogo ni Mama. Sote wawili tuliahidi mbele yake. Wewe uliahidi kwanza. Ludie anasema yumo tangu Otha alipokufa. Mwaka wa pili. Kila mtu Hadley Fork anajua isipokuwa mimi, na ndiyo maana ukaweka kufuli wiki niliyokuja.

Na anajuaje kugeuza? Ludie anasema Baba alimfundisha mwenyewe, nyuma ya nyumba ya Etta, siku za Jumatano alipokuwa anasema anakwenda kununua nguruwe.

Sasa ngoja nikwambie kinachonichoma, maana siyo Mama peke yake. Mwaka 1952 Baba alipoanguka na mgongo ukavunjika, wewe ulikuwa umerudi kutoka jeshini miezi mitano. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kutia makaa nilikushinda, na ulilijua hilo, nilikuwa naweka kiganja juu ya wavu najua moto umefika wapi. Alihitajika mtu wa pili. Nilijitolea. Ukaingia chumbani kwa Baba, ukatoka, ukaniambia nimesimama jikoni na aproni: "Baba amesema hakuna mwanamke atakayegeuza nguruwe kwenye banda lake." Mkamchukua Otha, mtu wa barabarani. Miezi sita baadaye nikapanda lile basi unalonisimanga nalo, na Baba hakutoka hata barazani kuniaga.

Kwa hiyo mimi mtoto wa ndoa sikufaa, wala yeye hakutakiwa, na leo yeye yumo na mimi nagonga mlango. Niambie Baba alisema maneno gani hasa siku ile. Nataka maneno yenyewe.

Earlene


Hadley Fork
12 Desemba 1976

Earlene,

Salamu. Vashti mzima. Mguu ni ule ule, kidole kimoja kimetolewa, cha kushoto, kidogo. Umesikia kwa Ludie bila shaka. Kanisani wamemchagua mchungaji kijana kutoka Goldsboro, anahubiri dakika ishirini tu, wazee hawajui wafanye nini na mchana uliobaki. Mnyimaji wa habari usiniite.

Ulitaka Lonzo atoke. Ametoka. Nilimwambia tarehe moja Novemba, asubuhi, alipokuja na buti zake. Aliegemeza beleshi ukutani pale linapoegemezwa, akavaa koti, akaenda.

Sasa nikupe matokeo, kwa kuwa unapenda habari kamili. Nilimchukua kijana wa Artis, mabega kama ng'ombe. Nguvu anazo. Lakini kugeuza siyo nguvu, unajua. Nguruwe ameiva mpaka mifupa imelegea, mnamfunika wavu wa pili, mnashika, na mnakwenda pamoja pumzi moja. Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani nikahesabu, yule kijana akavuta kabla ya "Twende." Nguruwe akapinda katikati. Ngozi ikapasuka kuanzia begani mpaka ubavuni. Mafuta yote yakamwagika kwenye makaa.

Huhitaji kuambiwa kilichofuata. Moto ulipanda mpaka kwenye mabati kabla sijapata ndoo. Nusu ya paa la banda imekwenda, matanuri mawili ya mwisho na nguzo aliyoiweka Baba mwenyewe. Kijana ameungua mikono, atapona. Watu wa kanisa wakala kuku. Nguruwe wa Moye kwenye Sikukuu ya Shukrani tangu kabla sijazaliwa, na mwaka huu wamekula kuku wa kukaanga, na mchungaji mpya akasema ni watamu.

Lonzo hajawahi kupasua ngozi. Miaka miwili, kila wiki, hata mara moja. Ana mikono ya Baba na ana masikio yake, anasikia nguruwe yuko tayari kabla mimi sijainua bati la kumfunikia. Nilivunja ahadi ya Mama, ndiyo. Mama hakuniachia mtu wa kugeuza naye. Aliniachia ahadi, na ahadi haishiki mapaja ya nguruwe. Ulitaka nifanyeje? Wewe ulikuwa Newark unafua mashuka.

Umeridhika sasa? Mlango wa nyuma hauna kufuli. Mlango wenyewe umeungua.

Haywood


Newark
4 Januari 1977

Haywood,

Mwaka mpya uwe mwema kwako na kwa wifi. Pole kwa kidole, na pole kwa banda, nililia jikoni Clifton akadhani amekufa mtu. Huku theluji imefika magotini. Renita ameleta kijana nyumbani, mhasibu, anakula kwa adabu mpaka anakera. Mwombee kijana wa Artis, nimemtumia mama yake dawa ya kupaka.

Sasa wewe. Soma barua yangu ya Oktoba tena, kama haikuungua. Onyesha mahali niliposema mfukuze Lonzo. Nilikutukana, nakubali. Nilikukumbusha ahadi. Nilisema inaniuma. Lakini nilichokuuliza ni kimoja, nikakuandikia mwishoni ili usipotee njia: Baba alisema maneno gani. Umenijibu kuhusu kidole chako, kuhusu mchungaji wa Goldsboro, kuhusu kuku. Hilo umeliruka kama vile sikuliandika.

Nilimwandikia Lonzo. Ndiyo, mimi. Nilimwandikia kwa hasira, nilitaka kumwambia anajua alichomfanyia Mama kwa kuzaliwa tu, sijui nilitaka kusema nini. Alijibu kwa siku tisa. Wewe unachukua wiki kumi. Ameandika ukurasa mmoja, mwandiko wa mtoto wa shule, ameniita "Bi. Earlene" kuanzia juu mpaka chini. Hajalalamika hata kidogo. Anasema hakuwahi kuomba kuingia kwenye banda lile, wewe ndiye uliyemfuata baada ya mazishi ya Otha, ukasimama uani kwa mama yake umeshika kofia. Anasema yeye alikwambia kuhusu Mama, "Bi. Mattie hakunitaka pale," na wewe ukasema mambo ya zamani yameisha.

Halafu ameandika hivi, nanakili: "Bwana Haywood aliniambia ni wewe, Bi. Earlene. Alisema mwenyewe hana neno na mimi ila dada yake wa Newark amekataa katakata. Sina kinyongo na wewe."

Nilisoma mstari huo nimesimama ngazini kwenye baridi, nikausoma tena. Ulimfukuza kwa jina langu. Ulimwangalia mtu wa miaka arobaini machoni, ndugu yako, ukamwambia siyo mimi ninayekufukuza, ni Earlene. Na huku ukaniandikia mimi, "Ulitaka Lonzo atoke, ametoka." Wewe kwenye hayo yote hukuwepo. Wewe ulikuwa mpelekaji wa salamu tu.

Ndipo nikakumbuka jikoni mwaka 1952, wewe umetoka chumbani kwa Baba na kufunga mlango nyuma yako. "Baba amesema." Miaka ishirini na minne nimemchukia mzee yule kwa neno alilonitumia kwa mdomo wako. Sikuja alipougua mara ya mwisho. Nilikuja kuzika tu, na pale kaburini sikutoa chozi, na watu walisema.

Haywood, Baba alilisema neno lile au hakulisema?

Ukiniandikia habari za mchungaji, nairudisha barua bila kuifungua.

Earlene


Hadley Fork
27 Februari 1977

Earlene,

Vashti anakusalimu. Sina habari nyingine.

Nimeandika barua hii mara tano. Vashti ameisoma ya nne akasema, "Hii bado ni uongo, ila mrefu zaidi." Kwa hiyo hii nimeiandika asubuhi bandani, kwenye tanuri lililobaki, hakuna wa kuisoma kabla yako.

Hakulisema.

Baba alikuwa amelala chali na mbao chini ya godoro. Nikamwambia tunahitaji mtu wa pili, nimpate nani. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Mwite Earlene. Mapaja yatakuwa mazito kwake mwezi wa kwanza, mpe kichwa. Ana mkono mzuri kuliko wewe." Maneno yenyewe ndiyo hayo, na uliyataka.

Nilikasirika. Bado nakasirika nikiyaandika, nina miaka hamsini na moja na kidole pungufu. Nilikaa vitani Korea miezi kumi na minne nikifikiria kitu kimoja, kwamba nikitoka hai narudi kwenye banda na banda litakuwa langu. Sikuwa na elimu, sikuwa na shamba, sikuwa na kingine. Nimerudi nakuta wewe unaweka kiganja juu ya wavu na wateja wanakusifu dirishani. Ukishashika kichwa cha nguruwe mbele ya watu, mimi ni nani? Ningekuwa mtu wa kupasua kuni za dada yangu.

Nikaja jikoni nikakwambia nililokwambia. Nikangoja kidogo, nikarudi chumbani, nikamwambia Baba kwamba umekataa. Nilisema umesema hutaki kunuka moshi maisha yako yote, unataka kwenda Kaskazini. Kisha akasema, "Basi mtafute Otha."

Alidhani umemkataa. Ndiyo maana hakutoka barazani siku ya basi. Alikuwa dirishani, nilimwona. Nami nilishika sanduku lako nikakupeleka mpaka barabarani, nikalibeba kama kaka mzuri.

Kwa miaka minane, mpaka alipokufa, nilikuwa na nafasi kila siku ya kumwambia. Alikuwa anauliza barua za Newark. Nilikuwa namwambia hujambo.

Kwa Lonzo nilifanya hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi na nilishazoea. Sina la kujitetea hapo. Nimekwenda kwake wiki iliyopita, nikasimama uani, nikamwambia ni mimi, siyo wewe. Akasema, "Nilikuwa najua, Bwana Haywood. Nilitaka kuona kama utakuja." Akanifungia mlango, polepole, hakuubamiza.

Paa limeezekwa upya. Kanisa wanataka nguruwe kwa Pasaka. Sina mtu wa kugeuza naye. Nakuambia hivyo siyo kwa kuomba. Naandika tu mambo yalivyo, maana ulisema nisiruke kitu.

Haywood


Newark
28 Machi 1977

Haywood,

Nimeipata. Clifton alinisomea mara ya pili kwa sababu mimi macho yalikataa.

Sina salamu. Usiniandikie unaomba msamaha, sitausoma sasa, na sijui kama nitausoma baadaye. Ulininyang'anya baba na ukamnyang'anya yeye binti, ukakaa katikati yetu miaka minane ukipokea barua. Leo sina neno la kukwambia ambalo wifi Vashti anastahili kulisikia.

Nimemwandikia Lonzo. Nimemwambia aache kuniita Bi. Earlene, aniite dada, na nimemwambia Baba alisema nipewe kichwa, kwa hiyo yeye atachukua mapaja. Amekubali. Nimemwuliza anahesabuje, akanijibu anahesabu kama Baba.

Nitafika stendi ya Kinston kwa basi la Alhamisi kabla ya Pasaka, saa nane mchana. Usije kunipokea. Lonzo atakuja. Nguruwe wa Pasaka tutamgeuza mimi na yeye. Leta kuni, washa moto, halafu toka nje, ukae na wateja mpaka tutakapomaliza.

Earlene Moye